Juisi Nzito ya Kipupwe

Kipupwe cha Lushoto hakina masihara. Kikishaingia mwezi Juni hukaa mpaka Agosti, na asubuhi nyingi za Julai ukungu huteremka kutoka msitu wa Magamba ukafunika mashamba ya karoti na kabichi mpaka saa nne. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 na ushee. Nyumba nyingi hazikujengwa kwa ajili ya kuhifadhi joto. Watu hufunga madirisha, hujikusanya jikoni penye moto, huvuta hewa ile ile moja, na mmoja akishikwa na mafua wiki haiishi kabla nyumba nzima haijaanza kupenga. Ubaridi nao huvisaidia virusi: vile vinavyoleta mafua ya kawaida huzaana vizuri zaidi puani, ambako hewa ya nje hupooza kidogo, kuliko ndani kabisa ya mwili penye nyuzi 37.

Katika msimu huo shangazi yangu hutengeneza juisi nzito kila asubuhi kabla wajukuu hawajaenda shule. Nimekunywa juisi za namna hiyo Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, nyingine kwenye hoteli zenye mashine za bei mbaya, na bado sijaonja inayoifikia ya kwake. Matunda anayotumia ni yale yale ambayo mtu yeyote huyapata sokoni. Anachowazidi wengine ni kujua muda. Anajua kitu gani kinahitaji siku nne za kungoja, kipi kinahitaji usiku mmoja ndani ya maji, na kipi hakipaswi kuguswa na kisu mpaka mnywaji awe ameshakaa mezani. Ukimtazama jikoni unaona kazi iliyoanza juzi ikimalizika ndani ya dakika kumi.

Huanza na parachichi, kwa sababu parachichi ndilo linalochelewa. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa tu, na kuiva huanza baada ya kuchumwa. Kwa hiyo hanunui kamwe lililokwisha lainika sokoni, maana hajui limebonyezwa na vidole vya watu wangapi. Hununua magumu matatu au manne, akayapanga kwa mafungu: moja analifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, mengine anayaacha wazi kwenye ungo. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, nayo huharakisha kuiva kwa jirani yake. Hivyo kila baada ya siku moja au mbili kuna parachichi moja tu lililo tayari, na hakuna linalooza likisubiri zamu. Kulijua lililo tayari, halibonyezi tumboni. Hukigusa kikonyo kwa kidole gumba. Kikichomoka chenyewe na mahali pake pakionekana pa kijani kibichi, siku imefika. Pakiwa pa kahawia, limepita, nalo huishia kwenye kachumbari ya mchana likiwa limekatwa sehemu mbovu.

Usiku hushughulikia vitu viwili. Mbegu za maboga hulowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, asubuhi zikakaangwa kavu kwenye kikaango mpaka zianze kupasuka. Kuloweka hupunguza asidi ya fitiki, ile inayong'ang'ania madini ndani ya mbegu yasifyonzwe vizuri tumboni. Madini yenyewe ni zinki, ambayo chembe za kinga zinaihitaji ili ziongezeke zinapokutana na ugonjwa. Kijiko kimoja cha mbegu hakimshibishi mtu zinki ya siku nzima, lakini ni kijiko kizuri, na kinaipa juisi ladha ya njugu ambayo watoto wanaifuata.

Kitu cha pili ni karoti. Karoti mbili huparwa, hukatwa vipande na kupikwa kwa mvuke mpaka kisu kipenye bila kusukumwa. Vijana wengi mjini huweka karoti mbichi kwenye blenda wakiamini kwamba chochote kilichopikwa kimekufa. Kwa karoti mambo ni kinyume. Rangi yake ya machungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hiyo ndiyo inayotunza utando wa pua, koo na mapafu, mlango wa kwanza ambao virusi hukutana nao. Beta-karotini imefungiwa ndani ya kuta ngumu za chembe za karoti. Mvuke huzilegeza, na tumbo hupata zaidi kutoka kwenye karoti iliyopikwa kuliko mbichi. Kuna jambo jingine ambalo mpishi hawezi kuliona kwa macho. Karoti mbichi, na tango hasa, vina kimeng'enya kinachoharibu vitamini C mara tu vinaposagwa. Ukisaga tango na machungwa pamoja unavunja kwa mkono mmoja ulichojenga kwa mwingine. Mvuke hukiua kimeng'enya hicho. Shangazi hakusomea kemia. Alirithi karoti za mvuke kutoka kwa mama yake, aliyekuwa akizipondaponda kwa ajili ya watoto walioanza kula, na akaona juisi inatoka laini zaidi.

Machungwa yake hutoka Muheza, chini ya mlima, ambako msimu mkubwa huangukia miezi hii hii ya baridi. Kuna mapenzi fulani katika kalenda hiyo: mlimani watu wanaanza kukohoa, na bondeni malori yanaanza kupakia machungwa. Mapera nayo huletwa kwa ndoo na akina mama kutoka vijiji vya chini. Watu wengi wanalisifu chungwa na kulidharau pera, wakati gramu 100 za chungwa zina miligramu 53 hivi za vitamini C, na gramu 100 za pera hupita 200. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo humtakia mtu mzima miligramu 45 kwa siku. Pera moja linalotosha kwenye kiganja cha mtoto linamaliza deni hilo na kuacha chenji. Na utajiri huo umejazana zaidi karibu na ganda, kwa hiyo shangazi halimenyi. Hulisugua kwa maji safi, akakata vichwa viwili, basi.

Nyuma ya jiko lake amefungwa mbuzi, naye hana haja na mapera hayo. Mbuzi hutengeneza vitamini C yake mwenyewe ndani ya ini, na ng'ombe na mbwa vivyo hivyo. Binadamu hawezi, mashine hiyo iliharibika ndani ya ukoo wetu zamani za kale. Simbilisi, wanaofugwa kwenye majiko mengi ya nyanda za juu, nao hawawezi, na ni kwa sababu hiyo simbilisi ndio waliofichua siri. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakiwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta chanzo cha ugonjwa mwingine, wakaona wanyama hao wanapata kiseyeye kama mabaharia. Miaka ishirini na ushee baadaye Albert Szent-Györgyi, akifanya kazi katika mji wa Szeged huko Hungaria, alihitaji vitamini hiyo kwa wingi ili aichunguze, akaipata kwenye pilipili tamu nyekundu zilizokuwa zikilimwa kandokando ya mji. Mwaka 1937 alipewa tuzo ya Nobel.

Ninaikumbuka Szeged kila ninapomwona shangazi akikata kipande cha hoho nyekundu. Lushoto inalima hoho kwa wingi na kuzipeleka Tanga na Dar es Salaam, na yeye huweka kipande kimoja cha upana wa vidole viwili ndani ya juisi ya matunda. Mgeni hukunja uso anapoona. Akionja hajui hoho iko wapi; anachosikia ni utamu wenye uchangamfu kidogo nyuma yake. Hoho ya kijani haikubali, kwa kuwa ladha yake ya majani hushinda kila kitu, na pia haijafikia utajiri wa ile iliyoachwa shambani mpaka ikawa nyekundu.

Sasa asubuhi yenyewe. Ukifika mapema ukamkuta, utasalimia, utaitikiwa marahaba, na utapewa kazi. Lakini kisu hutapewa.

"Shangazi, nikate machungwa?"

"Weka kisu, mwanangu. Watoto bado hawajaamka."

Hapo ndipo wengine wote huharibu. Hukata matunda usiku, wakayafunika na sahani, au husaga jagi zima saa kumi na moja alfajiri ili kila mtu anywe atakapopata nafasi. Tunda likikatwa, hewa huingia kwenye majeraha yake. Vitamini C huanza kupungua polepole, parachichi huanza kuwa jeusi, na chungwa lina ujanja wake wa pekee: juisi tamu iliyokamuliwa sasa hivi inaweza kuwa chungu baada ya kukaa, kwa sababu ndani ya nyama zake mna kitu kisicho na ladha ambacho, kikikutana na uchachu wa juisi, hugeuka taratibu kuwa limonini, yenye uchungu. Mtu akilalamika kwamba machungwa yake yamekuwa machungu kabla ya saa sita mchana, muuzaji hana kosa.

Wakati akisubiri watoto, shangazi huyaweka machungwa mazima kwenye beseni la maji ya moto ya kuogea. Kwenye nyumba yenye nyuzi 12 tunda huwa baridi kama limetoka kwenye friji, na hakuna mtoto mwenye koo linalowasha atakayefurahia kinywaji cha baridi saa kumi na mbili na nusu. Dakika chache za maji ya moto huliondolea chungwa ubaridi bila kulipika. Kisha hulibiringisha mezani kwa kiganja, akililemea kwa uzito wa bega, mpaka vifuko vya ndani vipasuke. Chungwa lililobiringishwa hivyo hutoa maji yake karibu yote kwa kukamua mara mbili.

Halafu tangawizi. Hununua ya Same, kutoka milima ya Upare ya jirani, na huchagua kidole kilichokomaa, chenye ngozi kavu inayovutika na harufu inayotoka kabla hujakivunja. Kiasi ni cha pingili moja ya kidole cha mwanamke kwa watu wanne. Huparua ngozi kwa ukingo wa kijiko, kwa sababu kijiko hufuata mabonde ya tangawizi na kisu huyakata. Kisha huikata kwa kukingama nyuzi, vipande vyembamba mno vya mviringo. Nilipomuuliza, alinyoosha kipande kimoja kwenye mwanga wa dirisha nikaona nyuzi zimesimama, fupi kama ncha za brashi. Ungeikata kwa urefu, nyuzi zile zingejizungusha kwenye kisu cha blenda na nyingine zingekwama kwenye meno ya watoto. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana na jinjeroli. Ikikaushwa, hiyo hubadilika na ukali huzidi. Ndiyo maana anayetumia unga wa tangawizi kwa kipimo cha mbichi hulia machozi.

Blenda ina historia inayonisaidia kuielewa kazi ya shangazi. Stephen Poplawski wa Racine, Wisconsin, alipotengeneza mashine yenye kisu kinachozunguka chini ya chombo, mwaka 1922, alikuwa akiwahudumia wauzaji wa vinywaji vya maziwa yaliyopigwa. Mashine ile ilizaliwa ili ipige hewa ndani ya maziwa yatoke povu. Shangazi anaitaka mashine hiyo hiyo, lakini hewa yake haitaki. Povu ni hewa iliyochanganyika na kila tone la juisi, na hewa ndiyo inayokula vitamini C na kuharibu rangi. Kwa hiyo ustadi wake wote wa dakika zile kumi ni wa kusaga bila kupiga.

Hatua ya kwanza ni mapera na nusu ya maji ya machungwa. Mbegu za pera ni ngumu na nyingi, na zikisagwa zinaleta mchanga ulimini. Anabonyeza swichi na kuachia, anabonyeza na kuachia, kwa mwendo wa polepole, mpaka nyama iachane na mbegu. Halafu anachuja kwa chujio la waya, akikandamiza na kijiko cha mbao. Pasheni nayo, kukiwa na pasheni, hupita njia hiyo hiyo. Kinachobaki kwenye chujio ni mbegu tupu. Hachuji kitu kingine chochote tena. Nyuzinyuzi za matunda anazitaka zibaki, kwa kuwa ndizo zinazochelewesha sukari isikimbilie kwenye damu na ndizo chakula cha bakteria wema wa utumbo, ambako sehemu kubwa ya chembe za kinga zetu hukaa.

Maji yale yaliyochujwa yanarudi kwenye blenda iliyosuuzwa, na hapo mpangilio unakuwa sheria. Maji chini, kisha vilivyo laini, kisha vilivyo vigumu, na chombo kisipite theluthi mbili. Papai lililoiva, kipande cha ukubwa wa kiganja. Karoti za mvuke. Hoho. Tangawizi. Mbegu za maboga, ambazo ameshaziponda kwenye kinu kidogo cha kitunguu saumu. Maji ya nusu limau. Kisu kikianza kuzunguka, maji yaliyo chini hutengeneza kizingia kinachovuta vigumu kutoka juu. Ukiweka karoti chini na maji juu, kisu huzunguka peke yake kwenye pango la hewa, mota inapata moto, na kinachotoka ni povu la moto lenye mabonge.

Yeye hasikilizi saa, husikiliza mashine. Mwanzo mlio ni wa kukwaruza, mzito, unaopanda na kushuka vipande vinapogonga kisu. Kisha unakuwa mwembamba na sawasawa. Mlio ukishanyooka anahesabu pumzi chache na kuzima. Anayeendelea baada ya hapo anapiga hewa tu.

Parachichi huingia mwishoni kabisa, nusu tu, likiwa limekatwa sekunde hiyo, na blenda huzunguka kidogo sana. Kazi ya nusu hiyo ni kubwa kuliko kuipa juisi uzito. Beta-karotini ya karoti na papai haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta nyingi hupita tumboni zikaenda zake. Parachichi ndilo mafuta ya glasi hii. Na kwa kuwa halipendi moto, maana likipata joto kali huwa chungu, shangazi hamruhusu mtu yeyote aongeze maji yanayochemka ili juisi iwe ya vuguvugu. Vuguvugu yake ilishaandaliwa kwenye beseni la machungwa.

Utaona ndizi haimo. Ndizi ile iliyofungwa gazetini na parachichi huliwa pembeni, kwa mkono. Shangazi anasema hufunika ladha ya kila mtu, nami naafiki kwa ulimi wangu. Watafiti wa Uingereza na Marekani walichapisha mwaka 2023 sababu nyingine: kimeng'enya kinachoifanya ndizi kuwa nyeusi, ikichanganywa na flavanoli, kilipunguza flavanoli zilizofika kwenye damu kwa asilimia 84. Flavanoli zina sifa zaidi kwa moyo kuliko kwa mafua, na ndizi yenyewe ni chakula kizuri. Ikae tu kwenye sahani yake. Maziwa hayamo pia. Papai lina papaini, kimeng'enya kinachokata protini, na maziwa yakikaa nalo muda mfupi huanza kuwa machungu. Sukari haimo, na sioni kwa nini iwemo mahali ambapo papai lililoiva na chungwa la Muheza vimekutana. Asali huwekwa siku mojamoja kwa mwenye kikohozi, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, ambaye asali inaweza kumletea sumu ya bakteria anayeitwa botulinamu.

Umeme ukikatika, na wakati wa mvua na upepo hukatika, kazi haisimami. Mapera yaliyoiva sana hupondwa kwenye kinu na kuchujwa, tangawizi hutwangwa na kukamuliwa kwenye kitambaa safi, karoti na papai hupondwa kwa mwiko, na parachichi hupekechwa na maji ya machungwa kwa kipekecho cha mti, kikizungushwa katikati ya viganja viwili. Inatoka na chembechembe, tena nzito kuliko ya mashine, na haina povu hata kidogo. Nikiruhusiwa kuchagua nachagua hiyo.

Glasi hii inaisaidia nini kinga ya mwili? Swali hili linastahili jibu la kweli, kwa sababu siku hizi kila anayeuza juisi anauza na tiba. Mwaka 2013 Harri Hemilä na Elizabeth Chalker walipitia majaribio ya miongo mingi kuhusu vitamini C na mafua. Kwa watu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakukuzuia mafua. Kulifupisha siku za kuumwa, kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kuanza kumeza baada ya kuugua hakukuonyesha faida ya kuaminika. Kundi moja lilikuwa tofauti: wakimbiaji wa marathoni, watelezaji kwenye theluji na askari waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali, ambao uwezekano wao wa kupata mafua ulipungua kwa nusu. Majaribio hayo yalitumia dozi za kuanzia miligramu 200 kwa siku, nyingi zikiwa za vidonge.

Kwangu mimi matokeo hayo yanaitukuza kazi ya shangazi kuliko tangazo lolote. Faida ipo kwa anayekunywa kila siku tangu kabla ya ugonjwa, na ni faida ya kiasi. Juisi yake haianzi siku mtoto anapokohoa. Huanza Juni, ukungu wa kwanza unapotua, na hubaki mezani mpaka Agosti pamoja na maharage, mboga za majani, usingizi wa kutosha na mikono iliyonawishwa kwa sabuni. Mtoto akipata homa, shangazi humpeleka zahanati apimwe malaria siku hiyo hiyo, hamshindilii juisi. Jirani yake mwenye kisukari hupewa nusu glasi, tena pamoja na chakula. Na mwenye figo dhaifu ataulizana kwanza na daktari wake, maana parachichi, papai na machungwa vina potasiamu nyingi.

Mahali pengine penye baridi hiyo hiyo, Makete, Mufindi au Limuru, orodha itabadilika kulingana na soko. Njombe parachichi ni tele kiasi kwamba nusu itageuka kuwa zima. Dodoma na Singida, ambako upepo wa Julai huchana midomo, kuna ubuyu, ambao unga wake mkavu huzidi chungwa kwa vitamini C ukilinganisha uzito kwa uzito, na ambao Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuingia kwenye masoko yake mwaka 2008, karne nyingi baada ya sisi kuanza kuulamba. Unga huo hulowekwa usiku kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, hukorogwa na kuchujwa, na hushika nafasi ya mapera. Uchachu wake hufanya pia kazi ya limau, ile ya kulizuia parachichi lisiwe jeusi.

Watoto wakishakaa, juisi humiminwa kwenye vikombe vya bati, rangi yake kama ganda la papai bivu, na hunywewa pale pale. Hakuna jagi la baadaye. Akikosea kipimo ikazidi, hunywa mwenyewe au humpa mgeni, na hiyo ndiyo sababu nafika mapema.

Blenda nayo haisubiri. Parachichi likikauka kwenye chombo hung'ang'ania kama gundi ya mbao, kwa hiyo kabla kikombe cha mwisho hakijaisha ameshamimina maji ya moto na tone la sabuni na kuizungusha. Halafu anafanya ambalo majiko mengi hayafanyi: anafungua kitako, anatoa kisu, na anauchomoa ule mpira mwembamba wa mviringo unaozuia juisi isivuje. Chini ya mpira ndiko mabaki hujificha yakaota ukungu, na ndiko hutoka ile harufu ya uchachu ambayo watu hudhani ni ya matunda. Anausugua pande zote mbili, anausuuza, anauweka ukauke mbali na kisu, na ukianza kulegea ananunua mwingine, kwa kuwa huuzwa peke yake kwenye maduka ya vyombo.